Watu wa Katikati ya Katuni

Cheez TV kilikuwa kipindi cha katuni za asubuhi katika televisheni ya Network Ten nchini Australia. Kilianza Julai 1995 na kikadumu miaka tisa na ushei, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa sehemu kubwa ya uhai wake kilishika ile saa moja na nusu ambayo nyumba yenye watoto huwa na purukushani kuliko wakati mwingine wowote, kuanzia saa moja asubuhi hadi karibu saa mbili na nusu, soksi moja ikitafutwa na maziwa yakimwagika mezani. Watangazaji wake walikuwa wawili, Ryan Lappin na Jade Gatt, walioingia kazini wakiwa vijana wabichi na kutoka Agosti 2004 wakiwa watu wazima. Baada yao jina liliendelea kuonekana hadi mwaka ulipokwisha, katuni zikipita bila mtu wa kuzitambulisha. Mwaka 2005 nafasi hiyo ikachukuliwa na kipindi kingine, Toasted TV.

Katuni zenyewe zilitoka ng'ambo. Dragon Ball Z, Sailor Moon, Pokémon, Digimon na Yu-Gi-Oh! zilichorwa Japani, zikatiwa sauti za Kiingereza Amerika Kaskazini, kisha zikauzwa kokote kulikokuwa na mnunuzi. Beast Wars ilitengenezwa kwa kompyuta mjini Vancouver, Canada. Mtoto wa Sydney aliona picha zile zile alizoziona mtoto wa Chicago, na alisikia sauti zile zile, lafudhi ya Kimarekani ikiwa haijaguswa. Cha Australia katika saa moja na nusu ile kilikuwa kitu kimoja tu, nacho ndicho kilichogharimu fedha kidogo kuliko vyote: vijana wawili wakipiga soga kwa dakika moja au mbili kabla katuni inayofuata haijaanza.

Kazi hiyo ya katikati ni rahisi kuidharau. Anayeifanya hakuandika hadithi, hakuchora, hana sauti ndani ya katuni, na mtazamaji hakuwasha televisheni kwa ajili yake. Hata hivyo yeye ndiye mwenye kipindi. Ni kama konda wa daladala: gari si lake, usukani haushiki, lakini bila sauti yake mlangoni abiria hajui amepanda gari la wapi. Katuni zikirushwa mfululizo bila mtu, kinachobaki ni stoo ya filamu. Akitokea mtu anayesema jambo, hata la kipuuzi, panakuwa mahali ambapo watoto wa nchi nzima wamekutana asubuhi moja.

Lappin na Gatt waliifanya kazi hiyo kwa namna iliyokuwa na ujanja wake. Hawakuwasifia watoto katuni. Mtangazaji wa kawaida wa kipindi cha watoto huinua sauti, hupanua macho, na kuahidi kwamba kinachokuja ni cha ajabu mno. Hawa wawili walizungumza wao kwa wao, mara nyingi juu ya jambo lisilohusiana kabisa na kilichotangulia wala kinachofuata. Walitaniana, walikatizana, walianzisha mchezo mfupi wa kuigiza na kuuacha ukining'inia. Mtoto aliyekaa chini na bakuli lake hakuhutubiwa. Aliachwa asikilize maongezi ya kaka wawili wakubwa ambao hawakujali sana kama yupo. Kwa mtoto wa miaka tisa hakuna heshima kubwa kuliko hiyo.

Namna hiyo haikuzuka yenyewe. Televisheni ya Australia ilikuwa na desturi mbili za kuzungumza na watoto, zilizolelewa katika nyumba mbili tofauti. Shirika la umma, ABC, lilikuwa na Play School, kilichoanza Julai 1966 kwa kufuata kipindi cha Uingereza cha jina hilo hilo na ambacho bado kinarushwa. Humo mtangazaji hutazama kamera moja kwa moja, husema taratibu, na huzungumza na mtoto mmoja, kana kwamba chumbani hamna mwingine. Ni sauti ya mwalimu wa chekechea aliye mwema. Vituo vya biashara vilikwenda njia nyingine. Vilikuwa na katuni za kununua na saa za kujaza, wala havikuwa na mtaala. Vilichohitaji ni mchekeshaji.

Mfano mkubwa wa njia hiyo ya pili ulianza Melbourne Oktoba 1971, pale kituo cha GTV-9 kilipompa Daryl Somers, kijana aliyekuwa hajajulikana sana, katuni za Jumamosi asubuhi. Mwanzoni alikaa na Peter McKenna, mchezaji nyota wa klabu ya kandanda ya Kiaustralia ya Collingwood. McKenna hakudumu. Kiti chake kikachukuliwa na Ossie Ostrich, kikaragosi cha mbuni mwenye shingo ndefu na ulimi mkali, ambaye sauti na mkono wake vilikuwa vya Ernie Carroll, mtu mzima aliyekwishakaa miaka mingi katika televisheni. Kipindi kiliitwa Hey Hey It's Saturday. Kwa mpango wa kituo kilikuwa cha watoto, lakini waliokizoea upesi walikuwa pia vijana walioamka na uchovu wa Ijumaa usiku na wazazi waliokuwa wakipita sebuleni. Utani wa mbuni ulikuwa na tabaka mbili: la juu kwa mtoto, la chini kwa mkubwa aliyesimama mlangoni na kikombe cha chai.

Tabaka la chini likakua hadi likalimeza la juu. Mwaka 1984 kipindi kilihamishiwa Jumamosi usiku, katuni zikatupwa, na kilichosalia, yaani maongezi, vikaragosi na vituko, kikawa mojawapo ya vipindi vya burudani vilivyotazamwa zaidi nchini hadi kilipofungwa Novemba 1999. Inafaa kulitazama jambo hili kwa makini kidogo. Kipindi kilianza kama gundi ya kubandika katuni moja na nyingine. Baada ya miaka kumi na mitatu ikaonekana kwamba watu walikuwa wakiitazama gundi.

Mrithi wa Ossie katika nyakati za asubuhi alikuwa Agro. Huyu naye alikuwa kikaragosi, mwenye manyoya yaliyochakaa na mdomo mpana, na katika vicheko vya kila siku aliitwa zulia la bafuni. Mtu aliyemtia uhai ni Jamie Dunn, na kipindi chake, Agro's Cartoon Connection, kilirushwa na Seven Network kutoka studio za Brisbane tangu mwanzo wa miaka ya 1990 hadi 1997. Kilitwaa tuzo ya Logie ya kipindi cha watoto mara kadhaa. Dunn alikuwa pia na kazi nyingine: alimpeleka Agro kwenye kipindi cha asubuhi cha redio ya B105 ya Brisbane, kwa wasikilizaji wazima walio njiani kwenda kazini. Kikaragosi kimoja kilikuwa na ulimi wa aina mbili, na mpaka kati yao haukuwa imara sana. Vipande vilivyoharibika wakati wa kurekodi, ambamo Agro husema maneno ambayo hayangeweza kurushwa na mtangazaji mwenzake wa kike hushindwa kujizuia kucheka, vilizunguka kwa kanda na baadaye kwenye intaneti, na leo huenda vimetazamwa na watu wazima zaidi ya kipindi chenyewe.

Kikaragosi humpa mtangazaji kinga. Mtu mzima akimkejeli bosi wake mbele ya watoto atalaumiwa. Mbuni au zulia likifanya hivyo ni mchezo. Ndiyo maana Somers alihitaji Ossie, na watangazaji wa kike waliokaa na Agro mmoja baada ya mwingine walipewa kazi ya kuwa mtu mwenye busara kando ya kiumbe kisicho na busara. Hilo lilikuwa umbo kamili la kipindi cha katuni cha Australia: mmoja mwenye adabu, mmoja asiye na adabu, na katuni katikati. Cheez TV ilipoanza 1995, saa zile zile ambazo Agro alikuwa hewani upande wa pili, kilichokuwa kipya ni kwamba mkubwa hakuwepo kabisa. Hakuna kikaragosi, wala mwenye adabu, wala mkono wa mtu wa miaka arobaini chini ya meza. Wote wawili walikuwa wale wasio na adabu, na umri wao haukuwa mbali na wa watazamaji. Miaka miwili baadaye Agro's Cartoon Connection kilifungwa.

Si haki kusema kwamba vijana wawili walimshinda zulia kwa ucheshi peke yake. Katuni nazo zilibadilika. Miaka ile ndiyo katuni za Kijapani zilipoanza kuingia asubuhi za vituo vya biashara kwa wingi, na hizo zilikuwa na tabia ambayo katuni za zamani hazikuwa nayo: hadithi iliendelea. Paka aliyemfukuza panya alimaliza fukuza yake ndani ya dakika saba, na aliyekosa siku moja hakupungukiwa na kitu. Katika Dragon Ball Z pambano moja liliweza kuchukua wiki. Aliyechelewa kuamka Jumatano aliingia darasani Alhamisi akiwa hajui nani amekufa. Katuni ya aina hiyo humfunga mtoto kwa ratiba, na mtangazaji anayeonekana kila siku ni sehemu ya kifungo hicho.

Ratiba hiyo ilikuwa na ufa wake. Tafsiri ya kwanza ya Kiingereza ya Dragon Ball Z ilitengenezwa kwa awamu mbili kuanzia 1996. Vipindi 67 vya Kijapani vilikatwakatwa hadi kuwa 53 ili kuondoa damu na mengineyo yaliyoonekana hayafai watoto. Kisha kazi ikasimama, huku mashujaa wakiwa katikati ya pambano katika sayari ya mbali. Tafsiri haikuendelea hadi 1999. Mteja wa tafsiri hiyo, awe Marekani au kwingineko, alifika kipindi cha mwisho kilichokuwepo na hakuwa na njia ila kurudi mwanzo. Watoto walilazimika kuanza upya safari ambayo mwisho wake hakuna aliyeuona. Hapo ndipo thamani ya mtu wa katikati huonekana wazi, kwa kuwa katuni ikijirudia kwa mara ya tatu, kitu pekee ambacho mtoto hajakisikia asubuhi hiyo ni soga ya watangazaji.

Upande wa sheria unahitaji maelezo mafupi, maana bila hayo haieleweki kwa nini kituo cha biashara kiliwapa watoto saa ghali kama zile. Australia ilikuwa na Viwango vya Televisheni ya Watoto, vilivyovitaka vituo vya biashara kurusha kila mwaka saa 260 za vipindi vya daraja la C, yaani vya watoto wa umri wa shule ya msingi, na saa 130 za daraja la P, vya watoto wadogo zaidi. Vya P vilipaswa vyote kuwa vya Australia na havikuruhusiwa kuwa na tangazo lolote la biashara. Katika C, matangazo yalipimwa kwa dakika, na wahusika mashuhuri hawakutakiwa kutumiwa kumshawishi mtoto anunue kitu. Ten ilitimiza sehemu ya deni hilo kwa vipindi kama Totally Wild, cha wanyama na mazingira, kilichoanza 1992.

Pokémon na wenzake hawakuwa wa daraja lolote kati ya hayo. Walikuwa katuni za kawaida za kununuliwa, zilizowekwa jirani na vipindi vya wajibu. Hapa pana kinaya ambacho watunga kanuni hawakuweza kukifanyia mengi. Kanuni zilikataza mhusika wa kipindi cha watoto asiuze bidhaa wakati wa mapumziko, lakini hazikuwa na meno kwa katuni ambayo yenyewe, tangu wimbo wa mwanzo hadi majina ya mwisho, ilikuwa inauza kadi, michezo ya kompyuta na vikaragosi vya plastiki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kadi za Pokémon zilijaa viwanja vya shule kiasi cha walimu kuzipiga marufuku. Kejeli ya Lappin na Gatt, ule uzembe wao wa kutosifia chochote, huenda ilikuwa kinga ndogo ambayo hakuna bodi iliyoiagiza. Aliyetoka kutazama nusu saa ya katuni yenye wito wa kukusanya kila kitu alikutana mara moja na watu wawili wanaoonekana hawataki kukusanya chochote.

Kulikuwa pia na suala la saa. Australia ina kanda tatu za saa, na wakati wa kiangazi huwa tano, kwa sababu majimbo mengine husogeza saa mbele na mengine, kama Queensland, hukataa. Perth iko nyuma ya Sydney kwa saa mbili, na tatu wakati wa kiangazi. Kipindi kilichotakiwa kumkuta kila mtoto kabla ya shule hakiwezi kurushwa mubashara kwa nchi nzima. Lazima kila mji ukipate kwa saa yake. Kwa hiyo asubuhi moja ya taifa ilikuwa kwa kweli asubuhi kadhaa, zikifuatana kutoka mashariki kwenda magharibi, na utani mmoja ulichekewa Sydney wakati wa Perth ukiwa bado kwenye kanda. Nyumbani, hata hivyo, kipindi kilifanya kazi ya saa ya ukutani. Mpangilio wa katuni ulijulikana kwa moyo: hii ikianza, mtoto awe amevaa, ile ikianza, awe na mkoba begani. Mama hakuhitaji kuuliza ni saa ngapi. Alisikiliza wimbo unaotoka sebuleni.

Kilichokuja kuuondoa utaratibu huo kilizaliwa mwaka ule ule wa 1995. Oktoba, miezi mitatu baada ya Cheez TV kuanza, kampuni ya Foxtel ilifungua televisheni yake ya kulipia, na Nickelodeon ya Australia ikaanza hewani mwezi huo huo. Aliyeweza kulipa alipata katuni mchana kutwa. Kwa miaka kadhaa walioweza hawakuwa wengi, na Ten ikaendelea kustawi. Pigo la pili lilikuwa la bure kwa kila mtu: Desemba 2009 ABC ilizindua ABC3, chaneli nzima ya watoto katika mfumo wa dijitali. Kuanzia hapo kipindi cha asubuhi hakikuwa mlango pekee wa kuingilia kwenye katuni, na mlango usiokuwa wa pekee hauhitaji mtu wa kuusimamia.

Toasted TV kilijaribu. Kilikuwa na watangazaji wachangamfu waliobadilishana zamu kwa miaka kumi na mitano, wakifanya ziara na michezo kwa nguvu kuliko waliowatangulia. Lakini kilihamishwa. Mwanzoni mwa 2012 Ten ilizitaka asubuhi zake ili ziwe za watu wazima, ikaanzisha kipindi cha habari na mazungumzo kiitwacho Breakfast, kikishindana na Today cha Nine na Sunrise cha Seven. Watoto wakapelekwa kwenye chaneli nyingine ya Ten, Eleven. Breakfast kilifungwa kabla mwaka haujaisha kwa kukosa watazamaji. Watoto hawakurudishwa. Saturday Disney cha Seven, kilichokuwapo tangu 1990, kilikoma 2016, na Toasted TV chenyewe kikakoma 2020. Mwaka huo serikali ya shirikisho ilisimamisha masharti ya saa za watoto kwa sababu ya janga la korona, na kuanzia 2021 masharti yenyewe yakaondolewa.

Kuna wanaoona kwamba hakuna kilichopotea, kwa kuwa mtoto wa leo ana katuni nyingi kuliko zilizowahi kurushwa na vituo vyote vitatu vya biashara kwa pamoja, na anazipata anapotaka. Kwa hesabu ya katuni wako sahihi. Dragon Ball Z inapatikana yote, bila kukatwa, na haimrudishi mtu mwanzo. Lakini mtoto anayechagua mwenyewe huchagua katuni. Hakuna ambaye angechagua dakika mbili za vijana wakibishana juu ya upuuzi, ambazo ndizo watu wa kizazi kile huzitaja kwanza wakikumbushwa jina la Cheez TV. Lappin na Gatt walipojitokeza tena pamoja kwenye mitandao ya kijamii miaka mingi baada ya kuondoka, waliokwenda kuwasalimu walikuwa watu wenye watoto wao wenyewe.

Kuyapata maongezi hayo leo ni kazi. Katuni zina wenyewe, zina hakimiliki, zimesafishwa na kuuzwa upya kwa kila chombo kilichovumbuliwa tangu wakati ule. Soga ya katikati haina soko nje ya Australia, na hata ndani yake ilitengenezwa ili iishe asubuhi hiyo hiyo. Kilichopo kwenye intaneti kimetoka kwa sehemu kubwa kwenye kanda za VHS za nyumbani, picha ikitetemeka pembeni na sauti ikififia. Hata kanda hizo zina upungufu wa kipekee. Mtoto makini aliyerekodi katuni aipendayo alikaa na rimoti mkononi na kusimamisha mashine kila katuni ilipokwisha, ili asipoteze kanda kwa matangazo na maneno. Mkusanyiko wake ni safi na hauna msaada wowote kwa anayewatafuta watangazaji. Wanaomfaa mtafutaji ni wale wazembe, waliobonyeza kitufe mara moja, wakaenda shule na kuacha mashine ikirekodi hadi mwisho wa kanda.